Karatasi Haiitikii

Hadithi! Hadithi!

Mmeitikia vizuri. Sasa tulieni, wajukuu zangu, maana leo sitawasimulia habari za sungura na fisi. Leo nataka niwaeleze namna ya kuiandika hadithi hiyo ya sungura na fisi ikakaa kwenye daftari, ikatoka hapa Dirma, ikasomwa na mtoto wa Kigoma au wa Lindi ambaye hajawahi kuuona Mlima Hanang.

Hadithi ya mdomo ina wenyewe wawili. Mimi nasema, ninyi mnaitikia. Nikimwona mmoja anasinzia, napandisha sauti. Nikimwona mwingine amekunja uso, najua nimeruka jambo, basi narudi nyuma nalifafanua. Nikisema "yule bibi" na mtoto akadakia "bibi gani?", namjibu papo hapo, safari inaendelea. Wazee wa Kiiraqw wana maombi yao marefu ya baraka na mafumbo, yanaitwa slufay. Mzee hutamka, kikao kikaitikia, akatamka tena. Kuitikia kule ni sehemu ya maombi yenyewe.

Karatasi haiitikii. Ukikosea, inanyamaza. Ukichosha, inanyamaza. Msomaji wako akichoka hakwambii kitu, anafunga kitabu akaenda kucheza mpira, nawe hutajua kamwe ni mstari gani uliomfukuza. Ndiyo maana mtu anayeandika hulazimika kuifanya kazi yake mara mbili. Mara ya kwanza anaandika kama msimulizi. Mara ya pili anahama, anakwenda kukaa upande wa pili wa moto, pale wanapokaa wasikilizaji, anayasoma maneno yake mwenyewe huku akijiuliza: hapa ningeitikia, au ningesinzia? Kule kuhama ndiko kuhariri. Wengi wenu mnadhani kuhariri ni kusaka herufi mbaya kwa kalamu nyekundu. Herufi tutazifikia, lakini zinakuja mwisho kabisa.

Kwanza niwasimulie habari za mzee mmoja wa kweli, aliyehama hivyo kuliko mtu yeyote ninayemjua katika vitabu vya Kiswahili.

Alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Jina lake Aniceti Kitereza. Alisoma kwa wamisionari, akajifunza hata Kilatini, lakini moyo wake ulikuwa kwa Wakerewe wa kale: walivyolima, walivyovua, walivyoposa, walivyouguza wagonjwa wao. Aliwaona wazee wanakufa mmoja mmoja na mambo hayo yanakwenda nao kaburini. Akaamua kuyaandika. Angeweza kuandika orodha tu, mila ya kwanza, mila ya pili, mila ya tatu. Badala yake akawatunga watu wawili, mume na mke, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Wanapendana, lakini hawajajaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke kwa ugumba, wazazi wa mke wanakasirika wanamchukua binti yao, na mume inambidi aende ukweni kumwomba mkewe arudi. Ukiwafuata wawili hao katika shida yao, ghafla unakuta umejua Wakerewe walivyopika pombe ya faini, walivyosalimiana na wakwe, walivyotafuta dawa. Umefundishwa na hukuona darasa.

Kitereza alikimaliza kitabu mwaka 1945, kwa Kikerewe. Kisha akangoja. Nani achapishe kitabu kinene namna ile kwa lugha ya kisiwa kimoja? Miaka ikapita, nchi ikapata uhuru, mzee akazidi kuzeeka, muswada uko pale pale. Mwishowe akashauriwa akigeuze kiwe cha Kiswahili ili wengi waweze kukisoma. Naye, akiwa mzee wa miaka sabini na zaidi, akakaa chini akakiandika upya chote.

Hapo ndipo ninapotaka mtulie kidogo. Mkerewe akikuta katika kitabu jina la samaki au la chombo cha nyumbani, analijua tangu utotoni. Msomaji wa Tanga au wa Songea halijui. Kwa hiyo mtu anayehamisha kitabu kama kile lazima kila ukurasa amkumbuke mgeni: hapa atanielewa? Hapa niongeze maneno, au nitamchosha? Ni kazi ya kumkaribisha mtu usiyemwona, ukurasa baada ya ukurasa.

Kitabu kikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Miaka 35 tangu kilipomalizika! Mwaka 1981 mzee Kitereza akafariki, na nakala zilizochapwa zilikuwa hazijamfikia mkononi. Baadaye Gabriel Ruhumbika, mwandishi na Mkerewe mwenzake, akakitafsiri kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 2002, na leo kinasomwa hata na watu wasioijua Ukerewe kwenye ramani. Kila nikiisimulia habari hii moyo unaniuma kwa mzee yule. Ningetaka muupate uvumilivu wake, lakini msije mkangoja kama alivyongoja yeye.

Sasa turudi hapa nyumbani, tufanye kazi kwa mikono.

Tuseme kijana wa darasa la sita ameambiwa aandike insha kuhusu siku asiyoisahau. Anaandika hivi:

"Siku moja nilikwenda machungani. Ilikuwa siku nzuri sana ya kupendeza. Jua liliwaka na ndege waliimba. Mara ng'ombe mmoja akapotea. Nilihuzunika sana. Nilimtafuta sana bila mafanikio. Hatimaye nilimpata. Nilifurahi sana. Niliporudi nyumbani wazazi wangu walifurahi sana. Sitaisahau siku hiyo katika maisha yangu yote."

Shuleni anaweza kupata alama nzuri. Herufi ziko sawa, ngeli zimepatana, mwanzo upo na mwisho upo. Lakini hameni, kaeni upande wa wasikilizaji. Mmemwona ng'ombe? Mmemwona huyo kijana? Mimi sikumwona. Insha hii ingeweza kuandikwa Kondoa, ingeweza kuandikwa Monduli, ingeweza kuandikwa hata na mtu ambaye hajawahi kushika fimbo ya kuchungia.

Basi tumuulize, kama ambavyo mngeniuliza mimi.

Ng'ombe gani? Anajibu bila kufikiri, maana mchungaji hasahau: mtamba mwekundu, ana doa jeupe usoni, wa mjomba.

Wa mjomba! Kumbe hapo ndipo hadithi ilipolala. Ng'ombe wa kwenu akipotea ni hasara. Wa mjomba akipotea ni hasara, na aibu, na maneno ya ukoo mzima mwaka mzima.

Uligundua wakati gani? Lamboni, tulipokuwa tunawanywesha, nilipohesabu. Ukafanya nini? Nikahesabu tena. Mmesikia? "Nikahesabu tena." Maneno mawili, na hofu yote imo humo. Hana haja ya kutuambia aliogopa. Ukamwambia nani? Sikumwambia mtu, nilimdanganya mdogo wangu kwamba naingia kichakani mara moja, nikamwachia kundi. Ukamkuta wapi? Kwenye mahindi ya jirani. Na mwenye mahindi? Alikuwa amesimama pale pale, ananingoja.

Kijana anaandika upya:

"Nilipowahesabu ng'ombe lamboni, mmoja alipungua. Nikahesabu tena. Mtamba mwekundu wa mjomba, yule mwenye doa jeupe usoni, hakuwapo. Nilimwambia mdogo wangu naingia kichakani mara moja, nikamwachia kundi na fimbo yangu. Nilimkuta mtamba katikati ya mahindi ya jirani, mdomo umejaa. Mwenye shamba alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. 'Huyu ng'ombe ni wa nani?' akaniuliza. Nikamjibu, 'Ni wetu.'"

Hapo amesimama. Hajasema alihuzunika wala alifurahi. Sasa niambieni: kwa nini alijibu "ni wetu"? Mmoja wenu atasema alimkinga mjomba asidaiwe. Mwingine atasema aliona aibu kukiri kwamba amepoteza mali ya watu. Mwingine atasema ng'ombe wa mjomba ni wetu kweli. Mnabishana! Hayo mabishano ndiyo kuitikia. Kijana hayupo hapa, karatasi yake ipo, na ninyi mnaitikia.

Tazameni pia kilichotoka. Limetoka jua, wametoka ndege, zimetoka "sana" zote tano. Sisemi ndege hawakuimba siku hiyo. Waliimba, lakini mtoto huyu hakuwasikia, alikuwa anahesabu ng'ombe. Ukiandika jambo ambalo mtu wako hakuliona wala hakulisikia, umemwacha peke yake ukaenda kutembea. Na ule mwisho wa "sitaisahau katika maisha yangu yote" umetoka kwa sababu hiyo hiyo. Kama tumeona kwa nini haisahauliki, hatuhitaji kuambiwa. Kama hatukuona, kuambiwa hakutatusaidia.

Mtaniuliza, Babu, nianzie wapi ninapohariri? Anzia na kubwa. Hii hadithi inahusu nini hasa: ng'ombe kupotea, au mtoto kubeba lawama ya mjomba? Ukishalijua hilo, utajua pa kuanzia. Mara nyingi hadithi inaanza kwenye aya ya pili, na aya ya kwanza ilikuwa mwandishi anakohoa kusafisha koo. Ifuteni bila huruma. Baada ya hapo ndipo mshuke kwenye sentensi, na baada ya sentensi ndipo kwenye herufi na nukta. Anayeanza na nukta hufanya kazi ya bure: anasahihisha aya nzima vizuri kabisa, kisha anagundua aya yenyewe haitakiwi.

Na daftari lenu liwe na nafasi. Andikeni mstari mmoja, mruke mmoja. Mistari mitupu ile ni ya mabadiliko. Kisha lifungeni, lilale usiku mmoja au zaidi. Ukiyasoma maneno yako yakiwa bado ya moto, unasoma yaliyomo kichwani mwako, huoni yaliyomo kwenye karatasi. Kesho yake kichwa kimepoa, na karatasi inaonekana ilivyo. Wanaoandika kwenye simu nao wafanye hivyo hivyo, na msiitume kazi usiku ule ule mlioimaliza.

Halafu someni kwa sauti. Kuliko ushauri wote nitakaowapa leo, shikeni huu. Sikio letu limelelewa na hadithi tangu tukiwa mgongoni, linajua Kiswahili kinachotembea na kinachochechemea hata kabla ya kujua kanuni. Pale ulimi unapojikwaa, weka alama. Pale pumzi inapokuishia, sentensi ni ndefu. Pale unapojisikia kupaharakisha, hapo umechoka mwenyewe, na msomaji alichoka kabla yako.

Kwa mfano, tunaipenda sana "ka" yetu ya masimulizi. Akaamka, akanawa, akanywa chai, akavaa viatu, akafunga mlango, akaondoka. Nikiisema mimi kwa mdomo inapendeza, kwa sababu "akanawa" nitaipitisha upesi na "akafunga mlango" nitaikawiza, mjue kuna jambo. Kwenye karatasi zote zinakuwa na urefu mmoja, sita kwa mstari. Mwandishi akiisoma kwa sauti atasikia, atabakiza ile anayoihitaji: "Alifunga mlango akaondoka bila hata kunywa chai." Sasa tunajua ana haraka au ana hasira, na tunataka kujua ni ipi.

Kuna ugonjwa mwingine unaoingia shuleni na kwenye mikutano, nao ni wa kuandika kama hotuba. "Wananchi walikumbwa na changamoto ya uhaba wa maji." "Suala zima la elimu." "Zoezi la upandaji miti lilifanyika kwa namna moja ama nyingine." Mtu hazungumzi hivyo na mama yake. Nani alikumbwa? Wapi? Semeni: "Kisima kilikauka, mama akawa anaondoka alfajiri kabla hatujaamka." Mtoto wa Lindi atamwona mama huyo gizani na ndoo yake. Changamoto hana namna ya kuiona.

Herufi sasa, nilizowaahidi. Ng'ombe anataka ile alama yake ya ritifaa, bila hiyo amekosewa. "Kwa sababu" ni maneno mawili. "Kwa hiyo" ni mawili pia. Wanaochanganya "r" na "l" wakisema watazichanganya wakiandika, basi wakague maneno hayo peke yake mara ya mwisho. Kamusi ipo kwa kazi hiyo. Ile ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, na BAKITA, baraza lililoundwa mwaka 1967 kuiangalia lugha hii, lilitoa Kamusi Kuu mwaka 2015. Mkiikuta maktaba, shindeni nayo. Wazee katika hadithi zenu waacheni wazungumze wanavyozungumza kweli, hata kama Kiswahili chao kina ladha ya Kiiraqw au ya Kidatoga. Sauti ya msimulizi ndiyo iliyobeba jukumu la usanifu.

Na asiwepo wa kuniambia kwamba Kiswahili ni cha watu wa pwani, sisi wa Hanang na Mbulu tutaandikaje. Kitereza alikuwa Mkerewe. Euphrase Kezilahabi, aliyetoa Rosa Mistika mwaka 1971, alitoka kisiwa hicho hicho. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, naye ndiye aliyezieneza ngonjera ambazo mnazighani shuleni mpaka leo. Wote hao walikuwa na lugha nyingine nyumbani. Ninyi mnaoongea Kidatoga kwa bibi, Kiiraqw kwa jirani na Kiswahili darasani mna masikio matatu, na sikio ndilo chombo cha kwanza cha mwandishi.

Sasa nataka niseme juu ya ukweli, hata kwa anayetunga. Ukitunga sungura anayezungumza, tutakubali, ni sungura wako. Lakini ukisema mlima wetu una urefu fulani, huo si wa kutunga. Kuna vitabu vinavyosema mita 3,417 na vingine 3,420. Anayetaka kuwa salama na mkweli ataandika "zaidi ya mita 3,400", na hakuna wa kumpinga.

Mnaikumbuka tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ile. Mvua ilipozidi, tope, mawe na magogo vikaporomoka kutoka mlimani, vikaingia Gendabi na Katesh. Nchi nzima ilisoma habari zetu. Idadi ya waliofariki iliyotangazwa mwanzoni haikuwa ile ya siku zilizofuata, kwa sababu watu walikuwa bado wanatafutwa kwenye tope. Aliyeandika idadi bila kutaja siku ameacha maandishi yanayodanganya leo, ingawa siku ile yalikuwa kweli. Kwa hiyo mkiandika namba, iandikeni pamoja na tarehe yake na aliyeitoa. Mkiandika juu ya msiba wa mtu, mwendeeni kwanza. Mwulizeni kama anapenda jina lake liwemo. Akikataa, jina lisiwemo, hata kama hadithi inapungua utamu. Waliofiwa siku ile bado tunaishi nao.

Wazee nao mkawaendee kwa heshima. Ukitaka kumrekodi kwenye simu, mwombe ruhusa kabla hujabonyeza. Mwandike jina lake, kijiji chake na tarehe. Hadithi ya ukoo ina mwenyewe, na ukishaiandika, rudi umsomee. Utashangaa namna atakavyokusahihisha. W. D. Kamera alizikusanya hadithi za Wairaqw, zikatoka katika kitabu cha Kiswahili mwaka 1978, Hadithi za Wairaqw wa Tanzania. Bila kazi kama ile, nyingine zingekuwa zimekwisha kuzikwa na waliozijua. Za Wadatoga nilizoziona kwa Kiswahili ni chache mno kwa watu wenye masimulizi mengi kiasi hicho, na hilo linanisumbua kweli.

Mnauliza kama kuandika kunalisha mtu. Niwajibu kwa ukweli: polepole, na mara nyingi pamoja na kazi nyingine. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali miaka mingi, na vitabu vyake akaviandika pembeni ya kazi hiyo. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958 zimechapishwa. Mkikua zitafuteni, mmwone mwandishi mkubwa akihangaika na mambo ya kawaida ya maisha. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa mwanahabari na mhariri, akipitia maandishi ya watu wengine. Akapeleka hadithi yake kwenye mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ikashika nafasi ya kwanza, ikatoka kitabu mwaka 1960: Mzimu wa Watu wa Kale. Bwana Msa, mpelelezi wake, anasomwa mpaka leo. Siamini kwamba ni bahati tu mtu aliyezoea kuhariri akashinda.

Mashindano yapo hata sasa. Taasisi ya Elimu Tanzania inaendesha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na hafla yake ya kwanza ilifanyika tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umewafundisha waandishi na wachoraji wa nchi hii kutengeneza vitabu vya umri wenu. Nawataja ili mjue mlango upo, na kwamba anayesoma masharti mpaka mwisho tayari amewazidi wengi. Wakisema kurasa ishirini, peleka ishirini.

Siku mtakapokuwa waandishi wa kujitegemea, gazeti au mchapishaji akiwapa kazi, ulizeni mambo matatu kabla ya kuandika: nalipwa kiasi gani, nalipwa lini, na baada ya hapo kazi ni ya nani. Kuuliza si utovu wa adabu. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na maandishi yako ni mali yako tangu ulipoyaandika. Makubaliano yawe kwenye maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, na uhifadhiwe.

Mhariri akikurudishia kazi imejaa alama, usinune. Huyo ndiye mtu wa kwanza aliyekuitikia. Amekwambia wapi alisinzia, jambo ambalo karatasi ilikuficha. Mara nyingi yuko sahihi kwamba pana tatizo, ingawa dawa anayoipendekeza inaweza isiwe dawa yako. Tafuta yako. Na akibadilisha maana ya ulichosema, mwandikie kwa heshima umweleze kwa nini haikubaliki: "Mhariri, shikamoo, hapa nilikusudia hivi." Mhariri mzuri atakusikiliza.

Haya, wajukuu zangu, kazi ya wiki hii ni ndogo. Kila mmoja aende kwa mzee mmoja wa nyumbani kwao, amwulize kisa kimoja tu: siku alipopoteza kitu kisichokuwa chake. Akiandike kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, kwa kuruka mistari. Akilaze. Kisha amsomee mtu ambaye hakijui kisa hicho, na amtazame usoni anaposoma. Kurasa zenu nileteeni Jumamosi, pamoja na mistari mliyoifuta. Nataka kuiona yote, maana tukiwa na kurasa za kutosha tunaweza kuanza kutengeneza kitabu cha watoto wa Dirma, na sitaki kingoje miaka 35.